Cheti Bila Kitanda ni Kumfukuza Mtoto

"Tumewafunza kuvua. Msirudi tena hapa kuomba samaki." Maneno hayo yalitamkwa kwenye maikrofoni majuzi, katika ukumbi wa kanisa moja hapa Pipeline, Embakasi Kusini, Nairobi, na mgeni wa heshima aliyekuja kuwakabidhi vyeti vijana wanaotoka makao ya watoto. Walikuwa wametimiza miaka 18. Kuna waliopewa vyeti vya ushonaji, kuna wa saluni, kuna wa kuchomelea vyuma. Kila mmoja alipigwa picha, ukumbi ukapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilitoka nje kwa hasira.

Imani hii imeenea mno. Mpe yatima ufundi, naye atajitegemea. Utaisikia kwa mchungaji, kwa mbunge, kwa mfadhili na hata kwa waandishi wenzangu. Nasema ni uongo, tena uongo unaowaumiza watu wasio na wa kuwatetea. Ufundi humlisha fundi, na haujawahi kumlisha anayejifunza. Mtu huwa fundi baada ya kulishwa na kulazwa na mtu mwingine kwa miaka kadhaa. Hilo ndilo somo ambalo hakuna aliyelitaja siku ile.

Anayebisha aende Kariobangi Light Industries, au ashuke Kamukunji kwa wanaogonga masufuria na masanduku ya mabati. Asimame mbele ya fundi yeyote mwenye wateja na amuulize swali moja tu: ulipokuwa ukijifunza, ulikuwa ukilala wapi? Atajibiwa: kwa mjomba Kayole, kwa dada Dandora, kwa shangazi hapa hapa Pipeline, sakafuni, nyuma ya pazia. Spana boi wa gereji hulipwa chakula cha mchana, na tajiri akifurahi, nauli ya jioni. Mtu wa mkono kwenye mjengo hupata kibarua leo, kesho akaambiwa saruji imeisha. Hiyo ndiyo shule halisi ya ufundi katika mji huu. Inadumu miaka miwili, mitatu, na karo yake hulipwa na shangazi.

Kijana wa makao ya watoto hana shangazi wa kumlaza. Ndiyo maana alikuwa katika makao. Hata mvuvi huyo wa methali, awe wa Lamu au wa Dunga kule Kisumu, alifunzwa kuvua akiwa kwao. Siku nyavu ziliporudi tupu, alikuta ugali umepikwa na mkeka umetandikwa. Mnyang'anye kwao huyo mvuvi, halafu uone atavua kwa siku ngapi.

Tufanye hesabu ya Pipeline. Chumba kimoja katika ghorofa hizi ni shilingi 5,000 hivi kwa mwezi, choo cha kugawana na jirani zako wote, maji ya kubeba kwa mitungi hadi ghorofa ya sita. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mwingine kabla hujaingiza godoro. Kwa hiyo mtoto aliyetoka makaoni Ijumaa anahitaji shilingi 10,000 kufikia Jumatatu, kabla hajanunua unga. Na akishaingia, kazi ataifanyia wapi? Keateka wa ploti nyingi hataki kuona pasi ya umeme wala koili, kwa kuwa fyuzi itakatika na ngazi nzima ikose stima. Mshonaji bila pasi atamfungia mteja nguo gani? Itabidi akodi kibanda, na kibanda kina kodi yake.

Namjua msichana mmoja aliyetoka na cherehani mpya, cha miguu. Ni mshonaji mzuri; nimevaa kazi ya mikono yake. Alikuta mtaa una washonaji kila ngazi, na mitumba ya Gikomba inauzwa kwa bei ya chini kuliko kitambaa chake. Mwezi wa tatu mlango wake ulipigwa kufuli. Akauza cherehani alipe kodi, na mwezi uliofuata hakuwa na cherehani wala kodi. Waliompa cherehani bado wanamhesabu miongoni mwa waliofaulu.

Juu ya hayo kuna kitambulisho. Anayekiomba kwa mara ya kwanza huambiwa alete cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Cha mzazi yupi? Kijana anapanda na kushuka kati ya chifu, afisa wa watoto na makao yaliyokwisha kumfutia jina. Bila kitambulisho hasajili laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, haombi mkopo wa masomo wa HELB. Fundi asiye na M-Pesa Nairobi atalipwaje?

Tunaambiwa serikali inasaidia. Ni kweli kwamba mwaka 2018 ilianza kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi cha umma. Pesa hizo zilikwenda chuoni. Hazikulala na mtoto, hazikumpikia. Na pesa za basari za mbunge nazo ni za karo, karo, karo, kana kwamba binadamu hukaa darasani usiku kucha.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba nchi hii inajua la kufanya, na imelijua tangu zamani. Mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walipoanzisha kituo cha Starehe kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakirandaranda mitaani kutokana na Hali ya Hatari ya enzi za ukoloni, waliwapa kwanza mahali pa kukaa. Shule na ufundi vikajengwa juu ya msingi huo. Mwaka 1964 serikali changa ya Kenya iliunda NYS, huduma ya taifa ya vijana, Griffin huyo huyo akawa mkurugenzi wa kwanza, na kuruti akapewa kitanda, sare na chakula kambini kabla ya kupewa nyundo. Hakuna aliyemwambia kuruti akajitafutie chumba Pipeline huku akijifunza useremala.

Katiba ya 2010, kifungu cha 55, inaitaka serikali ihakikishe vijana wanapata elimu na mafunzo. Sheria ya Watoto ilipitishwa upya mwaka 2022. Mwaka huo huo ukaja mkakati wa kitaifa, wa hadi 2032, wa kuwatoa watoto makaoni na kuwarudisha katika familia. Naunga mkono jambo hilo. Mtoto alelewe nyumbani. Lakini aliye na miaka 17 na miezi 10 leo hii hawezi kungoja 2032. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2014 inayomruhusu kijana kuendelea kukaa na walezi wake wa kambo hadi afikishe miaka 21. Wazungu hao, ambao tunapenda kusema hawajui ukoo, wamemwongezea mtoto wa wenyewe miaka mitatu. Sisi wa undugu na ujamaa tunamwongezea picha.

Wapo wanaonijibu kwamba vijana wakisaidiwa sana watazoea vya bure. Jibu hilo nililisikia kwa mzee mmoja ambaye kijana wake ana miaka 27, analala kwake, anakula kwake, na Desemba iliyopita alinunuliwa pikipiki ya pili baada ya kuiangusha ya kwanza. Huyo hajazoea? Kwa mtoto wake inaitwa mapenzi ya mzazi, kwa yatima inaitwa kudekezwa. Mwenye hoja kama hiyo amfukuze wa kwake kwanza siku anapotimiza miaka 18, na cheti mkononi, kisha arudi tuzungumze.

Na wageni wa Desemba nao waache. Wanafika na basi, unga na soda, wanakumbatia watoto mbele ya kamera na kuondoka saa kumi. Ni hao hao wanaoamua kila msichana ashone na kila mvulana achomelee, kwa kuwa ndizo mashine walizochangia. Hakuna anayemuuliza mtoto anataka nini. Mtoto wa mtu huulizwa.

Kwa hiyo nayaambia makanisa, misikiti na wafadhili wa Embakasi Kusini: kabla ya kununua cherehani kingine, lipeni kodi ya chumba kwa miezi 24. Msimamieni kijana kwa chifu hadi apate kitambulisho. Mtafutieni fundi wa kumshika mkono, na mlipeni fundi huyo. Mpeni namba ya mtu mzima mmoja atakayepokea simu usiku. Nanyi wabunge, ongezeni malazi na chakula katika pesa za mafunzo, mviandike katika bajeti, mvilipe. Asiyeweza kufanya hayo asimwite kijana mbele ya watu kumpa cheti. Anamfukuza, na aseme hivyo waziwazi.