Boma jipya ndilo huamua hatari ya mtoto wa mbwa Kanamkemer

MBWA jike anapozaa katika boma moja la Kanamkemer, mjini Lodwar, swali linalofuata ni nani atakayewachukua watoto wake. Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa Turkana kuliko inavyodhaniwa.

Jijini Nairobi, wafugaji wanaouza mbwa wa nasaba iliyosajiliwa na East Africa Kennel Club hutoa hati, na walio makini humhoji mnunuzi kuhusu ua, chakula na chanjo. Turkana, aghalabu mtoto wa mbwa hupewa jirani au jamaa anayehitaji mlinzi wa mbuzi dhidi ya fisi na wezi. Makubaliano huwa ya mdomo, na mara nyingi huishia hapo.

Mnamo 1983, shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kudhibiti ugonjwa wa haidatidi kaskazini-magharibi mwa Turkana, baada ya kubainika kwamba eneo hilo lilikuwa na viwango vya maambukizi miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Ugonjwa huo hutokana na tegu mdogo anayeishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kumfikia binadamu kupitia mikono, maji au chakula. Vifuko vyenye maji huota kwenye ini au mapafu, na miaka mingi yaweza kupita kabla ya mgonjwa kuhisi lolote. Wengine hulazimika kupasuliwa.

Hata hivyo, mtoto wa mbwa hazaliwi na tegu huyo, wala hampati katika maziwa ya mama. Humpata anapolishwa, au anapookota, maini na mapafu mabichi ya mifugo yenye vifuko hivyo. Kwa hivyo, boma anakopelekwa ndilo litakaloamua iwapo atakuwa mlinzi au chanzo cha maradhi kwa watoto wanaocheza naye.

Hapa ndipo anayempeana ana nguvu ambayo hatakuwa nayo tena. Kabla ya kumkabidhi, anaweza kuuliza: mnapochinja, viungo vyenye vifuko huchomwa au kufukiwa, au hutupiwa mbwa? Je, mtampa dawa ya tegu? Mpango kamili huhitaji dawa kila baada ya wiki sita hivi, kwani huo ndio muda ambao tegu hukomaa. Je, atachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa afikishapo miezi mitatu? Kenya imejiwekea lengo la kutokomeza kichaa hicho kwa binadamu kufikia 2030, na hilo huhitaji kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Lakini masharti yakizidi, watoto hukosa wa kuwachukua. Anayeachwa azurure hula mizoga na mabaki ya machinjio, na hatari huwa kubwa zaidi. Familia iliyopoteza mifugo kwa ukame nayo haiwezi kudaiwa gharama ya dawa kila mara.

Kwa sababu hiyo, mzigo hauwezi kuachiwa wenye maboma pekee. Huduma za mifugo zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Dawa, chanjo na huduma ya kuwafunga mbwa jike uzazi zikifika mitaani, watakaozaliwa watakuwa wachache, na kila mmoja atapata boma linalomfaa. Kinga ni bora kuliko tiba.