Asiye na cheti cha kuzaliwa akikamatwa, nani atamwita mtoto?

Dodoma. Chukua mfano wa kijana wa miaka 16 wa Zuzu, kata iliyo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Amekamatwa usiku pamoja na watu wazima wawili, tuhuma ni unyang'anyi wa kutumia silaha. Hana cheti cha kuzaliwa. Kwenye karatasi za polisi anaandikwa ana miaka 19.

Hiyo miaka mitatu si mchezo. Mtu mzima akikutwa na hatia ya kosa hilo, kifungo hakipungui miaka 30. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Kesi yake inapaswa kusikilizwa Mahakama ya Watoto, kwa faragha, ofisa ustawi wa jamii akiwepo.

Sheria ni moja kwa wote. Kinachotofautisha ni karatasi.

Sensa ya 2012 ilionyesha takriban asilimia 13 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania Bara walikuwa na vyeti vya kuzaliwa. Ndio vijana wa leo. Mpango wa Rita wa vyeti bure kupitia vituo vya afya na ofisi za kata unalenga walio chini ya miaka mitano, hivyo wengi wao uliwapita.

Marekani, pengo la namna hii ni la rangi: watoto weusi hushikiliwa zaidi kuliko weupe. Mwaka 1988 sheria ilibadilishwa, majimbo yakatakiwa kulichunguza. Pengo halijaisha, ila angalau linahesabiwa.

Hapa kwetu mtoto aliyeandikwa mtu mzima anapotea ndani ya hesabu za watu wazima. Pa kuanzia ni rahisi: kila jalada lionyeshe umri wa mtuhumiwa umethibitishwa kwa kitu gani, au ni wa kukadiria tu.

Na mzazi je? Sheria inaitaka mahakama ichunguze umri pale mtuhumiwa anapoonekana kuwa mtoto. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au kumbukumbu za shule vinaweza kusaidia. Usisubiri hukumu. Nenda navyo kituoni siku ileile, na mwambie ofisa ustawi wa jamii mapema.