Ukiulizwa Unaamini Nini, Usijibu kwa Jina la Kundi

Katika mwambao wa Burundi, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, kuna swali ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hukutana nalo mapema: "Wewe ni Mswahili?" Mgeni hudhani anaulizwa habari za lugha, naye hujibu kwa furaha kwamba anajifunza. Mara nyingi muulizaji hakukusudia hivyo. Nchini Burundi jina "Mswahili", au "Umuswahili" kwa Kirundi, limetumika kwa muda mrefu kumaanisha Mwislamu, na vinywani mwa baadhi ya watu limebeba tuhuma pia: mjanja, mtu wa mjini, mtu asiyeaminika. Kwa neno moja mtu huulizwa dini yake, hubandikwa tabia na kuhukumiwa kabla hajafungua kinywa.

Chanzo cha mchanganyo huo kinafahamika. Uislamu na Kiswahili vilifika ufuoni huku katika karne ya 19 kwa njia moja, yaani biashara iliyokuwa na kituo chake Ujiji, ng'ambo ya mpaka wa leo. Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Mababa Weupe nao walifika Rumonge mwaka 1879. Mei 1881 watatu kati yao, mapadri Deniaud na Augier pamoja na mlei D'Hoop, waliuawa papo hapo. Leo Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wa mji huo hukamua mawese ya michikichi ileile na kungoja ndagala walewale wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Si kosa kwamba lugha na dini vilisafiri katika chombo kimoja. Kosa ni kudhani kwamba hadi leo havijashuka.

Wapo wanaotoa dawa rahisi: nyamaza. Husema dini ni jambo la moyoni. Asiulize mtu, asijibu mtu, nasi tutaishi kwa amani. Shauri hili hutolewa na walimu, wazazi na wazee wenye nia njema, na ndilo ninalolipinga. Kunyamaza hakuliondoi swali, hulihamisha tu. Usipoeleza wewe kwa nini unafunga, ataeleza jirani asiyefunga. Usipoeleza kwa nini huendi kwa mganga au kwa nini hunywi pombe, uvumi utaeleza kwa niaba yako, na uvumi haujui kuomba radhi. Wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Watetezi wa kimya wana hoja moja nzito, na ni haki kuitaja kwa nguvu zake zote. Watu wa mwambao huu wamejifunza kwa damu kwamba jibu la swali "Wewe ni nani?" linaweza kuua. Machafuko ya Aprili 1972 yaliikumba Rumonge yenyewe, na mauaji yaliyofuata nchini yaliwafanya maelfu wakimbilie Tanzania. Baada ya 1993 vita vilirudi. Nani atamlaumu aliyenusurika akichagua kufunga mdomo?

Simlaumu. Lakini tuangalie swali lililoua lilikuwa swali gani. Halikumwuliza mtu anaamini nini. Lilimwuliza yumo fungu gani. Tarehe 30 Aprili 1997, katika milima ya Bururi, mashariki ya Rumonge, washambuliaji waliingia katika seminari ndogo ya Buta na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wanafunzi walikataa, na 40 kati yao waliuawa. Vijana wale walinyima jibu swali la fungu, na kwa kukataa kwao wakajibu swali ambalo hawakuulizwa: wanaamini nini juu ya binadamu. Sidhani yupo aliyewahi kueleza imani yake waziwazi kuliko hivyo.

Basi mpaka uko hapo. Hakuna anayewiwa jibu na mtu anayeuliza ili ampange. Katiba ya Burundi ya 2018 inaitambua nchi kuwa jamhuri isiyofungamana na dini, na inaheshimu uhuru wa dini, wa fikra na wa dhamiri. Uhuru huo unalinda kusema na unalinda kunyamaza. Kinachonikera ni kimya kinachoamriwa, kisha kikaitwa amani.

Nawe unayejifunza lugha hii, Kiswahili kimekupa chombo: kiambishi cha nafsi. Anayesema "Sisi hatunywi pombe" amejenga ukuta, na aliye upande wa pili hujiona ameshutumiwa. Anayesema "Sinywi, kwa sababu naamini akili yangu ni amana niliyopewa" amefungua mlango. Wa kwanza amenitajia kundi lake, wa pili amenitajia sababu yake. Muulizaji naye ajichunge. "Nyinyi mbona mnajitesa na njaa?" si swali, ni kejeli. "Kaka, ukiniruhusu, ningependa kuelewa: kufunga kunakupa nini?" ni swali la mtu aliye tayari kusikiliza. Na asiyetaka kujibu anaweza kusema kwa adabu: "Niwie radhi, hilo ningependa libaki kwangu." Mwenye kujibu "bado natafuta" naye amejibu kikamilifu.

Yazingatie maneno haya manne: imani, amani, amana, uaminifu. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Wanaodai kwamba tutaipata amani kwa kuificha imani wanawatenganisha ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo siku utakapoulizwa ufuoni kama wewe ni Mswahili, usiseme ndiyo wala hapana kwa haraka. Sema: "Nazungumza Kiswahili. Kama unataka kujua ninachoamini, niulize hilo, nami nitakueleza." Kisha mwulize na yeye, na umsikilize hadi amalize.