Magari kubaki na volti 12 si uvivu wa viwanda



Natoa maoni yangu juu ya umeme wa magari. Ubishi huu ulianza hapa kijijini baada ya jirani mmoja kufunga redio ya volti 12 kwenye betri mbili za lori, ambazo kwa pamoja hutoa volti 24. Redio iliungua papo hapo. Mwenyewe akalalamika kwamba wenye viwanda wanatuchezea: ikiwa umeme wa lori ni bora, kwa nini magari madogo yasipewe huo huo?

Kesho yake wanafunzi wangu wa darasa la saba waliniletea swali hilo. Hesabu yake si ngumu. Taa ya wati 60 kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Kwenye volti 48 taa ya wati hizo hizo huvuta ampea 1 na robo. Mkondo ukipungua mara nne, umeme unaopotea kwa joto ndani ya waya ule ule hupungua mara 16. Kwa hiyo waya mwembamba hutosha na shaba huokolewa. Lori lina injini nzito ya dizeli na nyaya ndefu, ndiyo maana linatumia volti 24.

Magari madogo nayo yamewahi kuhama. Mengi yalitumia volti 6, na Marekani ikahamia volti 12 katika miaka ya 1950 kwa sababu injini zilikuwa zimekua na stata zilihitaji nguvu zaidi. Miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani na Ulaya walipendekeza volti 42, na mwaka 2001 Toyota ilitoa Crown ya mfumo huo huko Japani. Hata hivyo mpango ule ulififia.

Sababu ni tatu. Kwanza, balbu, mota na swichi zote zilikuwa za volti 12, na kubadili vyote kwa pamoja ni gharama kubwa. Pili, swichi ikikata umeme wa volti 42, cheche yake haizimiki upesi kama ya volti 12, hivyo hula vyuma vya swichi. Tatu, vifaa vilivyodhaniwa kuwa vitashindwa, kama usukani wa umeme, viliboreshwa vikafanya kazi kwa volti 12.

Siku hizi mabadiliko yanakuja pole pole. Audi SQ7 ya mwaka 2016 ina volti 48 pamoja na zile 12, na Tesla Cybertruck ya mwaka 2023 inaendesha vifaa vyake vingi kwa volti 48. Volti 48 zinapendwa kwa kuwa ziko chini ya 60, kiwango ambacho kikivukwa lazima kinga iongezwe.

Kwa hiyo wanaosema ni uvivu wanakosea. Sisi wa vijijini tumefaidi: betri ya volti 12 huwasha gari, redio na taa za sola, na balbu yake hupatikana hata mnadani.

Linalonitia hofu, ndugu Mhariri, ni mazoea hayo hayo. Magari ya mtumba ya haibridi kutoka Japani yamo barabarani. Taa zake ni za volti 12, lakini betri inayosukuma gari huweza kuwa na volti zaidi ya 200. Fundi wetu wa chini ya mwembe amezoea kushika nguzo za betri kwa mikono mitupu bila kudhurika. Siku akishika waya wa rangi ya chungwa wa gari hilo kwa mtindo huo, hatapata nafasi ya kujifunza kosa lake.

Naomba VETA na vyuo vingine vya ufundi viwafuate mafundi hao walipo, bila kungojea wenye karo. Nao wanaoingiza magari wabandike onyo kwa Kiswahili kwenye betri hizo. Redio ya jirani yangu itanunuliwa nyingine. Fundi akifa, hakuna duka la kumnunua mwingine.

Elimu haina mwisho.

Mwalimu wa Kijijini,
Kilosa, Morogoro.