Magadi katika githeri, madoa katika meno

Hivi majuzi nilikuwa mtaani Rhonda, Nakuru, nyumbani kwa rafiki yangu. Binti yake aliye katika shule ya upili alinikaribisha vizuri, lakini kila alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Meno yake yana madoa ya kahawia. "Shangazi, wenzangu husema sipigi mswaki," alinieleza, "na mimi hupiga asubuhi na jioni."

Ni kweli hupiga. Madoa hayo si uchafu. Huletwa na madini yaitwayo floraidi, ambayo hupatikana kwa wingi katika maji ya visima vya Bonde la Ufa kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya Nakuru hupita kiwango hicho. Madini haya hudhuru jino likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, tangu uchanga hadi umri wa miaka 8 hivi. Doa likishaingia, mswaki hauliondoi.

Tukiwa katika mazungumzo hayo, rafiki yangu alifunua sufuria ya githeri akatia kipande cha magadi ili iive upesi. Hapo nikashtuka. Magadi ya sokoni nayo huwa na floraidi, mara nyingine nyingi mno. Mtoto anayekunywa maji ya kisima na kula githeri ya magadi anabebeshwa mzigo mara mbili. Isitoshe, magadi huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharagwe.

Najua utasema makaa ni ghali. Basi fanya hivi. Unaponunua maharagwe, chagua yaliyovunwa karibuni: ngozi yake hung'aa na hayana vitundu vya wadudu. Yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu kuiva. Yaloweke pamoja na mahindi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, utie mengine, na uyachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Nyanya zitie maharagwe yakishalainika, kwani uchachu wake huyachelewesha. Ukipika kunde, weka maziwa kidogo mahali pa magadi.

Na maji je? Usidanganyike kwamba kuyachemsha huondoa floraidi. Huua vijidudu tu. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki. Mvua ikinyesha, kinga maji kutoka paa safi, yachemshe, na uwape watoto wadogo kwanza.

Binti yule nilimshauri amwone daktari wa meno, kwani madoa yanaweza kufifishwa au kufunikwa. Asiache mswaki wala asione haya kucheka. Lakini ana mdogo wake wa miaka 2, ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanaumbwa. Huyo bado tunaweza kumwokoa. Nilipoaga jioni ile, maharagwe ya kesho yalikuwa tayari yamelowekwa, na magadi yalikuwa yametupwa.

Nawe je, msomaji, ya kwako umeyaloweka? Hadi Jumapili ijayo, nakutakia upishi mwema.