Na Sisi Tusiachwe Kabla ya Tarehe

Nashika kalamu nitoe maoni kuhusu jambo ambalo wengi wetu hulipitia mbali kama mbwa mkali: kwa nini programu mpya hukataa kompyuta za zamani, na nani alaumiwe.

Mambo yalianza mwaka jana, 2025, nikiwa kidato cha pili. Chama chetu cha Kiswahili kilitaka tovuti yake. Tulikuwa na methali na vitendawili zaidi ya mia mbili madaftarini, vingine tumepewa na nyanya zetu kwa Ekegusii tukavitafsiri, na panya walishaanza kuyaonja madaftari yale. Kaka yangu anasomea kompyuta chuoni. Aliniambia tutumie React, yaani mkusanyiko wa vipande vya JavaScript vilivyokwisha andikwa, wewe kazi yako ni kuviunga tu. "Lakini React peke yake haitoshi," akasema. "Unataka Vite ya kukusanya vipande vyote viwe tovuti, na Vite yenyewe inataka Node.js ya kuiendesha." Nikaelewa. Wimbi unao, bado unahitaji kinu, na kinu hakizunguki bila injini.

Nikaingia maabara siku ya Ijumaa saa kumi na nusu. Sisi ni wa kutwa, wengi saa hiyo hukimbilia nyumbani kuchuma majani chai ama kuteka maji, kwa hiyo nilikuwa na saa moja tu. Kompyuta zetu zina Windows 7. Nikatoa Node.js mpya kwenye flashi nikaiweka. Ikakataa katakata! Kumbe tangu toleo la 14, lililotoka 2020, Node.js haitaki tena Windows 7. Ijumaa iliyofuata nikaja na toleo la 13.14, ambalo ndilo la mwisho kukubali. Likaingia. Nikapiga kelele kama shabiki wa Shabana pale Gusii Stadium. Halafu nikaita Vite. Nayo ikanitapikia makosa ukurasa mzima. Kaka alipoyasoma alicheka: Vite ile ilitaka Node.js 20.19 au zaidi. Yaani askari wa lango la kwanza ananizuia kwa sababu nina viatu vipya, na wa lango la pili ananizuia kwa sababu nina viatu vya zamani. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Nilikasirika. Nilisema hawa watu wa ng'ambo wanatengeneza vitu kana kwamba dunia nzima ilinunua kompyuta jana. Lau ningeandika makala haya wakati ule, yangekuwa matusi matupu.

Aliyenipunguza hasira ni mama yangu, na hajui hata kuwasha kompyuta. Ana chai upande wa Nyamira. Kila baada ya miaka mitatu minne hivi huipogoa, na kwa muda baada ya hapo hatuna cha kupeleka kwenye mizani. Nikiwa mdogo niliwahi kumwuliza, "Mama, mbona unakata chai ambayo bado ina majani?" Akanijibu, "Mwanangu, nikiiacha itakuwa miti. Wewe utachuma na ngazi?"

Ndivyo ilivyo kwa matoleo. Node.js toleo la 18 lilitoka Aprili 2022 na kuachwa Aprili 2025. La 20 lilitoka Aprili 2023, likapangiwa kuachwa Aprili 2026. Ni miaka mitatu mitatu, na tarehe hutangazwa mapema, si kwa kuviziana. Kila toleo la zamani linalobaki ni mdomo mwingine wa kulisha. Likipatikana tundu la kupitia wezi, lazima lizibwe katika matoleo yote yanayotunzwa, na kila badiliko lijaribiwe katika kila moja. Na wengi wanaofanya kazi hiyo hujitolea tu. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake kidogo kinachoitwa left-pad, mistari kumi na moja tu, na miradi mingi duniani iliyokuwa ikikitegemea bila hata kujua ikashindwa kujengwa. Mistari kumi na moja, jameni! Barua ya kuomba ruhusa ya kwenda hospitali ni ndefu kuliko hiyo.

Kwa hiyo siwalaumu tena kwa kupogoa. Ninachodai ni kwamba wasichanganye mashine ya kujengea na mashine ya kusomea. Ya kujengea na iwe mpya, sawa. Hatimaye kaka alijenga tovuti yetu kwenye laptopu yake akaiweka kwenye intaneti. Tulipoifungua maabara, ukurasa ulikuwa mweupe pe! Kivinjari chetu kilikuwa kikongwe. Tukatafuta Firefox 115, iliyotoka 2023, na methali zote zikatokea. Windows 7 ilikwisha achwa na Microsoft kwa watumiaji wa kawaida Januari 2020, lakini Mozilla waliendelea kuziba matundu ya Firefox 115 kwa ajili ya watu kama sisi hata mwaka 2025. Huo ndio utu! Vite nayo ina kipande cha ziada cha kutengeneza nakala kwa vivinjari vya zamani, ila mpaka mjenzi akumbuke kukiweka. Mimi naona kiwe ndani tangu mwanzo, asiyekitaka akitoe. Najua kaka atasema tovuti itakuwa nzito na kula bando. Afadhali nzito kuliko nyeupe.

Huku kwetu nako hatujambo kwa makosa. Kompyuta zikiletwa tunaimba, utepe unakatwa, soda zinanywewa. Baada ya hapo hakuna anayeulizwa zina toleo gani la kitu chochote.

Hata mimi ni toleo la zamani. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa 2023, na waliofanya ule wa mwisho ni sisi. Januari hii Gredi ya 10 wameingia, na mwaka 2027 ndio tutakaofunga KCSE. Juzi niliingia duka moja la vitabu Kisii mjini kutafuta kitabu cha marudio. Mwenye duka akaniambia, "Hivyo siagizi tena, ni vya watu wanaoisha." Nilitoka nje nikaihurumia Windows 7. Tarehe tuliambiwa mapema na sikatai, lakini tarehe yenyewe ni 2027. Leo bado tuko darasani.

Chama sasa kina daftari lililofungwa kwa kamba kando ya mlango wa maabara. Tunaandika jina la programu, toleo lake, na siku itakapoachwa. Kurasa nne zimejaa. Tunataka watu wawili wa Gredi ya 10 wa kulishika, kwa maana sisi tutakuwa tumeondoka. Waje Ijumaa saa kumi na nusu. Ufunguo huwa kwa mwalimu wa zamu.