Ndiva ni Maabara

Husemwa mara nyingi kwamba shule za msingi za milimani hazina maabara. Kwa maoni yangu, hoja hiyo haina nguvu katika sehemu kama Chome. Katika Milima ya Upare wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi ili kumwagilia mashamba. Mwanafunzi apewe saa, rula, kamba na jani kavu. Jani likielea mita 10 kwa sekunde 20, katika mfereji wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 10, hupita takriban lita 15 kila sekunde. Kwa hakika pungufu kidogo, kwani maji ya chini hucheleweshwa na udongo. Hilo mtoto asiambiwe, alione. Na ugomvi wa zamu za maji ukizuka, atakuwepo wa kupima.